Siku Niliyoificha Ndoo ya Mchele

Nyinyi mnaokuja hapa steshenari kuchapisha barua za kuomba kujitolea kufundisha, nawaona. Mnasimama nyuma ya kiti changu mnaniambia, "Dada, hapo rudi juu kidogo, hiyo nukta haijakaa vizuri." Narudi juu. Wengine mnachapisha mara tatu kwa sababu karatasi ya kwanza ilikuwa na mkunjo pembeni. Nawacheka kimoyomoyo, halafu kicheko kinaniishia, kwa sababu nami nilikuwa hivyohivyo, na ugonjwa huo ndio ulionistaafisha.

Ndiyo, nimestaafu. Nina miaka thelathini na miwili. Mama yangu hataki kulisikia hilo neno, anasema kustaafu ni kwa watu wenye mvi na mafao. Mimi sina vyote viwili. Lakini nilifundisha kwa kujitolea miaka sita katika shule ya msingi hapahapa Tunduma, na siku nilipotoka nilijua sirudi. Nawaandikia kabla hamjashika chaki, kwa sababu haya hamtaambiwa chuoni wala ofisini, na kwa sababu nimechoka kuyabeba peke yangu.

Shule yenyewe iko jirani na barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Unafundisha "ba be bi bo bu" na honi inakujibu. Darasani nilikuwa na watoto zaidi ya mia, wanne dawati moja, wengine sakafuni. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya dirisha langu. Ikigongwa na nondo, hata meno yako yanasikia.

Humo ndimo nilimotaka kila kitu kiwe safi. Andalio langu la somo lilipigwa mistari kwa rula, wino wa rangi mbili. Nikikosea neno moja nachana ukurasa. Nilikuwa nawahi kufika nifute ubao ambao nilishaufuta jana yake. Mwalimu Nzunda wa darasa la kwanza, mama mtu mzima wa kutoka Mbozi, yeye alikuwa anaandika maandalio yake nyuma ya boksi la chaki. Wiki yangu ya kwanza aliinamia meza yangu akatazama.

"Wewe binti, hilo andalio utalifundisha au utaliozesha?"

Walimu walicheka. Mimi nilienda chooni kulia. Jioneni wenyewe mlivyo.

Yusta aliletwa muhula wa kwanza wa mwaka wangu wa tano. Alikuwa na miaka minane. Mama yake, ambaye anauza mchele sokoni, alimshika kifundo cha mkono kama mtu anayeshika kuku asimponyoke.

"Mwalimu Mkuu kasema nije kwako," alisema. "Kasema wewe ndiye unayesomasoma."

"Shikamoo mama," nilisema. Yule mtoto akanijibu yeye: "Mulishani! Mulishani!" Hiyo ni salamu ya Kibemba, aliichukua kwa wateja wa Zambia pale sokoni. Alimsalimia nayo Mwalimu Mkuu, alilisalimia kabati, akaisalimia picha ukutani. Maneno yake mengine yalikuwa machache, na karibu yote ni ya kurudia aliyoyasikia.

"Nilikuwa namfungia ndani nikienda sokoni," mama yake aliniambia, akitazama chini. "Sasa amejua kufungua dirisha."

Yusta ana usonji. Mimi hilo neno nilikuwa nalijua kwa jina tu, kama unavyolijua jina la mji ambao hujafika. Chuo nilichosoma kilitufundisha watoto wa kawaida, hata hao tulifundishwa haraka. Basi nikajifundisha mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, naandika kwenye kaunta buku ninachoelewa. Niliandika vitu vingi vya uongo pia, vile ambavyo watu wanaandika mitandaoni, kwamba chanzo chake ni maziwa, kwamba ni laana. Baadaye nilivikata kwa mstari wa rula nikaendelea.

Kitu cha maana kuliko vyote sikukipata kwenye simu. Nilimuuliza Mama Yusta, "Huko sokoni akipata hasira, anatulia na nini?" Akacheka kidogo.

"Anaingiza mikono kwenye gunia la mchele. Mpaka viwikoni. Wateja wanagomba, mimi nasema nunua gunia lile jingine."

Kwa hiyo tuliweka ndoo ya mchele darasani. Ndoo ya plastiki ya bluu, mchele nusu, tena ule wenye chenga, unaotoka kwao Msangano. Ilikaa kona ya mbali na dirisha. Kabla kengele haijagongwa nilikuwa nagusa dawati lake mara mbili, naye anainuka, anakwenda kwenye ndoo, anazamisha mikono na kuguna wimbo wake ambao hauna maneno. Rimu ikilia, anatikisika tu. Watoto waliita ile kona "ofisini kwa Yusta." Siku moja nilimkuta mwanafunzi mmoja anatafuna mchele mbichi, nikamuuliza unafanya nini, akasema, "Madam, nimeitwa ofisini."

Shikeni hili, litawasaidia. Mtoto kama Yusta mwambie jambo moja kwa wakati, kwa maneno yaleyale kila siku. Mchoree siku yake kwenye kipande cha boksi: kuandika, uji, kucheza, kuimba, nyumbani. Kikipita kitu, kigeuze. Na uwe na daftari dogo. Kila akilipuka andika saa, kilichotokea, na kilichotangulia. Mimi niliandika hivyo majuma mengi. Daftari langu lilikuwa na ukweli wote. Kumbukeni kwamba lilikuwepo, maana mbele mtaniuliza.

Lakini ndoo haiwezi kuwa mwalimu. Watoto mia na ushee, mmoja wao hajui kuomba kwenda chooni, na akishtuka anakimbia bila kutazama anakokwenda. Mara mbili nilimkamatia getini. Mwalimu Mkuu akaniita.

"Madam, mimi simkatai huyu mtoto. Ila siku akiingia barabarani, chini ya lori, nitasema nini? Tumwandikie mpimaji wa halmashauri, yule wa watoto wenye mahitaji maalumu, aje amwone. Akiandika kwamba anahitaji mwalimu wake, nitakuwa na karatasi ya kuombea mwalimu. Asipoandika, mama yake atafute pengine."

Pengine hapakuwepo. Mama Yusta alilijua hilo kabla sijamweleza. "Nitampeleka kwa bibi yake Msangano," alisema. "Huko atakuwa anakwenda shambani, basi. Kusoma ndiyo imeisha."

Nikamwambia, "Mama, niachie mimi. Hiyo karatasi nitaipata." Niliapa.

Sasa nawaambia jinsi nilivyoikosa.

Ilikuja fomu ya kujazwa na mwalimu wa darasa. Ilikuwa na kisanduku kimoja, mistari mitatu, kimeandikwa juu yake: eleza mahitaji ya mwanafunzi. Nikaandika kwanza kwa penseli kwenye karatasi nyingine, nikinakili kutoka kwenye daftari langu. Hupiga kichwa ukutani kengele ikilia. Hukimbia nje ya geti. Hajisaidii mwenyewe. Akiguswa ghafla huuma. Ikatoka mistari kumi na moja. Haikuenea kwenye kisanduku.

Mtu mwingine angeandika pembeni. Angegeuza karatasi. Mimi sikuweza kuvumilia maandishi yapite mstari wa kisanduku, yaani mwili mzima ulikataa. Nikaanza kupunguza. Nikaondoa kuuma, kwa sababu lilionekana neno baya. Nikaondoa choo. Nikakosea herufi, nikaomba fomu nyingine, nikanakili upya, na kila nilipokuwa nanakili nilikuwa nafupisha. Fomu ya nne ilitoka safi kabisa, bila doa. Ilisema: "Ana changamoto ndogo za utulivu, anaendelea vizuri." Mistari mitatu kamili. Niliitazama nikaona fahari.

Mwalimu Nzunda aliisoma. "Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni Yusta, mama."

"Yusta yupi? Shuleni kwetu tunaye mwingine?"

Nilidhani ananitania.

Halafu ikapangwa tarehe ya mgeni kuja. Mnajua shule inavyokuwa mgeni akitajwa. Mawe yanapakwa chokaa, maua yanamwagiliwa, watoto wanafundishwa kusimama wote pamoja na kusema "Shikamoo mgeni wetu" kwa sauti moja. Daftari chafu zinafichwa, safi zinawekwa juu. Watoto wazito wa kuelewa wanaambiwa siku hiyo wakae nyuma. Tumelelewa hivyo sisi walimu, na waliotulea walilelewa hivyo. Haikunijia kabisa akilini kwamba huyu mgeni anakuja kutazama uchafu wetu, kwamba ndiyo kazi yake.

Nilijiambia hivi: wakiona anaweza, watamsaidia. Nani atatoa mwalimu kwa mtoto asiyefundishika? Ilikuwa hoja nzuri. Chini yake kulikuwa na hoja nyingine ambayo sikuitamka: mgeni aone kazi yangu. Aone msichana wa kujitolea, asiye na cheti cha elimu maalumu, alivyomtengeneza mtoto huyu kwa simu iliyopasuka.

Kwa wiki mbili nilimfundisha Yusta kukaa. Watoto wengine wakitoka kwenda kunywa uji, sisi tunabaki. Maneno yalikuwa matatu, yaleyale kila siku kama nilivyosoma. "Mikono mezani. Mdomo kimya. Macho kwa mwalimu." Akipungia vidole vyake hewani kama anavyopenda, navishusha. Akiguna wimbo wake, namtazama kwa jicho kali mpaka aache. Sikumchapa. Nimejitetea kwa hilo miaka yote, kwamba sikumchapa. Lakini alikuwa akiinua mikono naibana juu ya dawati, na mara moja niliibana mpaka alama za vidole vyangu zikabaki kwenye ngozi yake. Alizitazama zile alama. Hakulia. Akasema taratibu, kwa sauti yangu, akiigiza kila kitu mpaka ukali: "Mdomo kimya."

Siku ya kumi aliweza kukaa nusu saa nzima bila kutikisika. Nikafurahi sana.

Siku yenyewe asubuhi nililipanga darasa. Ile ndoo ya bluu pale konani iliniudhi. Ilikuwa na mpasuko mdomoni, na chenga zilikuwa zimemwagika sakafuni. Nikaibeba nikaificha stoo, nyuma ya majembe. Nikaondoa na lile boksi la michoro, kwa sababu kona zake zilikuwa zimechakaa. Mama Yusta alikuja na kanga zake safi akitaka kuingia, nikamwambia asubiri nje, tusije tukamchanganya mtoto. Na nilimwomba mwalimu wa zamu asigonge kengele mpaka mgeni aondoke.

Mpimaji alikuwa mama mmoja mtulivu, mwenye begi la mgongoni kama mwanafunzi. Alikaa nyuma. Yusta alikaa mbele, mikono mezani, mdomo kimya, macho kwangu. Mgeni alimpa kalamu, akachora mstari. Alimwita jina, akageuka. Darasa zima lilikuwa kimya kama linapigwa picha. Honi ilipiga barabarani, nikaona mabega ya Yusta yanapanda mpaka masikioni, vidole vinakuwa vyeupe kwa kukandamiza mbao. Niliona. Niko mbele yake, nimeona kila kitu, na nikaomba Mungu yule mama asione.

Hakuona. Alisoma fomu yangu, akaniuliza, "Kwa hiyo siku zote ndivyo alivyo?"

Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja. Nilikuwa na daftari langu kwenye mkoba, hatua tatu kutoka nilipokuwa nimesimama.

Akaandika kwamba mtoto anaweza kuendelea katika darasa la kawaida na hahitaji msaada wa ziada kwa sasa. Mwalimu Mkuu alikuwa anacheka na mgeni, akanigeukia akasema, "Madam, umetutoa kimasomaso!" Hapo hata yeye alikuwa amesahau tulichokuwa tunakitafuta. Mgeni alipanda pikipiki akaondoka.

Pikipiki yake haijafika hata sokoni, mwalimu wa zamu akagonga kengele iliyocheleweshwa. Yusta aliinuka. Hakuguswiwa dawati mara mbili, mimi nilikuwa mlangoni napongezwa. Alikwenda kwenye kona yake. Akakuta sakafu tupu. Alizunguka pale mara mbili tatu akipapasa hewa, halafu akapiga kichwa ukutani, tena, tena, wiki mbili zote zikimtoka kwa mara moja, na kabla sijawafikia watoto waliokuwa wanapiga kelele alishapita mlangoni, akapita kwa mama yake aliyekuwa amekaa nje, akapita getini.

Muuza mahindi ya kuchemsha ndiye aliyemdaka, katikati ya malori mawili. Dereva alikuwa ameshuka, anauliza kwa Kibemba na kwa Kiswahili, "Huyu ni wa nani? Huyu ni wa nani?"

Mama yake alimfunika na kanga. Paji la uso la mtoto lilikuwa limevimba na damu inatoka. Nikasogea, nikasema, "Mama Yusta, pole, mimi..."

"Karatasi inasemaje?" aliuliza.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyemjibu.

Mama Yusta akaniambia, taratibu, hata hakunipigia kelele: "Mimi nilimficha ndani ya nyumba. Nikaambiwa ni vibaya, nikakuletea wewe umtoe. Na wewe umemficha mbele za watu."

Wiki hiyohiyo alimpeleka Msangano.

Mtasema, si ungempigia simu yule mpimaji mchana uleule? Nilikuwa na namba yake. Aliiacha kwenye ubao wa ofisi. Ningesema, "Mama, rudi, nilikudanganya." Badala yake nikaamua kuandika barua rasmi. Na mnanijua sasa. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno makali mno kuhusu mimi. Ya pili ilikuwa na maneno laini mno. Ya tatu ilikuwa na doa. Muhula wote uliisha naandika barua ya ukurasa mmoja. Nilijiita mwangalifu. Ilikuwa aibu tu, nilikuwa naitafutia mwandiko mzuri.

Mwalimu Nzunda alizikuta kwenye droo ya meza tuliyokuwa tunachangia. Alizihesabu akizitandaza moja baada ya nyingine.

"Hii ni ya nane?"

"Ya tisa, mama. Moja iko kwenye mkoba."

Akavua miwani. "Mtoto yuko Msangano anasubiri herufi zako zinyooke?"

Kisha akachukua ile ya kwanza kabisa, iliyokatwakatwa, iliyomwagikiwa chai, akaniwekea mkononi. "Hii ndiyo uliyoiandika ukiwa unaumia. Hiyo ndiyo ipeleke. Na uipeleke leo, kabla hujapata rula."

Niliipeleka halmashauri pamoja na daftari langu. Mpimaji alisoma vyote mbele yangu, na nilikuwa nimesimama kwa sababu sikuambiwa nikae.

"Barua imekatwakatwa," alisema.

"Ndiyo, mama. Samahani."

"Nilikuuliza kama siku zote yuko hivyo."

"Nilisema ndiyo."

"Mtoto wa mtu, binti." Akafungua daftari, akafunga, akafungua tena. "Kila ninachokihitaji kiko humu. Una miezi umekaa nacho kwenye mkoba." Akalifunga. "Mrudishe darasani. Nitakuja siku usiyoijua. Ukipaka chokaa hata jiwe moja nitaondoka."

Msangano nilikwenda kwa bodaboda, barabara ni vumbi mtindo mmoja, nikafika nimekuwa mwekundu kichwani mpaka viatuni. Walikuwa wanapeta mchele uani, bibi, Mama Yusta na jirani. Yusta alikaa kwenye turubai katikati ya mchele, mikono imezama, anaguna wimbo wake. Ule uvimbe wa kwenye paji la uso ulikuwa umeacha kovu. Bibi alinitazama akasema jambo kwa Kinamwanga, wakacheka.

"Anasema Madam ndiyo umekuja kuchukua ndoo yako?" Mama Yusta alinitafsiria. Kisha akaacha kucheka. "Umefuata nini?"

Nilimwambia yote, pale juu ya turubai, bila barua. Fomu ya nne. Alama za vidole. Stoo, nyuma ya majembe. Lile "ndiyo." Alisikiliza huku anapeta, ungo unapanda unashuka, na kila mara nilipokuwa nanyamaza alikuwa anasema, "Endelea." Nilipofika mwisho akasema, "Nitamrudisha. Lakini safari hii nami nakaa darasani. Sikai nje."

Alikaa. Wiki tatu alikuwa anakuja asubuhi, anakaa sakafuni karibu na ndoo, biashara yake kamwachia mdogo wake. Mpimaji alikuja siku ya mvua. Bati letu mvua ikinyesha hata mwalimu hajisikii. Yusta alikuwa ameziba masikio, anapiga kelele, amejikojolea, amemuuma mama yake mkononi. Nilisimama ubaoni nikiwa na chaki, kila kitu kikiwa kimeharibika mbele ya mgeni. Sikugusa kitu. Sijui kama mtaelewa, ila katika miaka sita hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote niliyowahi kufanya, kutogusa kitu.

Mama Yusta ndiye aliyeongea. Alieleza kila jambo, hata choo, hata kumfungia ndani. Mpimaji alikaa naye sakafuni, begi mgongoni. Kisanduku cha mistari mitatu kikajaa. Akaandika pembeni, juu, chini, akageuza karatasi akaendelea nyuma.

Mwalimu alipatikana. Alihamishwa kutoka shule nyingine, amesomea elimu maalumu. Akapewa chumba kidogo kilichokuwa stoo ya majembe, pamoja na Yusta na watoto wengine wanne ambao tulikuwa tunawakalisha nyuma wageni wakija. Rimu ikahamishiwa upande wa pili wa shule. Kwa hiyo mkiniuliza kama tulifanikiwa, tulifanikiwa. Mama Yusta siku hizi tukikutana sokoni ananipimia mchele na kuongeza kibaba, nami nashindwa kumtazama.

Basi mbona nilistaafu?

Ilikuwa kama mwezi baada ya yule mwalimu mpya kuanza. Nilitoka darasani kwangu nikaenda kuchungulia kwenye dirisha lao. Ndani kulikuwa vurugu tupu. Mwalimu yuko chini, mikono yake na ya Yusta imo kwenye ndoo ileile yenye mpasuko. Mchele umetapakaa kila mahali. Yusta anaguna wimbo wake kwa sauti, anatoa mikono, anapungia vidole hewani karibu na macho, anacheka, anairudisha. "Mulishani!" anaiambia ndoo. Sikuwahi kumsikia akicheka darasani kwangu.

Halafu akainua macho, akaniona.

Wimbo ulikatika. Akatoa mikono kwenye mchele, chembe zimemganda. Akainuka, akaenda kwenye dawati, akakaa. Akaweka mikono mezani. Akafunga mdomo. Akanitazama machoni, moja kwa moja, bila kupepesa, vizuri kabisa kama nilivyomfundisha.

Yule mwalimu hakuniona. Nilimsikia anauliza, "Yusta? Yusta, mama, vipi tena?"

Nikachuchumaa chini ya dirisha. Nilikaa pale nimeegemea ukuta, nikihesabu pumzi, mpaka niliposikia dawati linasukumwa, mchele unamwagika tena, na wimbo unaanza upya, kwanza taratibu. Kisha nikaondoka nikiwa nimeinama vilevile, nisionekane, mpaka getini.